Tupeane uzoefu: "Usinilishe maneno!" Misemo ya kunukuu na kupotosha kauli za watu

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi huu ni wa wale wanaoshika maneno ya watu kila siku: wahariri, walimu wa lugha, wakalimani, makatibu wa vikao. Mtaani tuna misemo mingi ya kumsema aliyeharibu kauli ya mwenzake, na kila msemo unataja uharibifu wa aina yake. Tukiichanganya, mlalamikaji haeleweki analalamikia nini, na kusahihisha kunashindikana.

Naanza na kulisha maneno. Fundi kamwambia mteja: "Mbao zikifika, mlango utakuwa tayari Ijumaa, Mungu akipenda." Mteja akifika nyumbani anasema: "Fundi kaahidi Ijumaa." Ijumaa ilitajwa kweli, mlango ulitajwa kweli. Fundi kalishwa neno moja tu, *kaahidi*. Yeye alitoa tarajio lenye sharti la mbao, mwenzake kalipeleka kama ahadi. Kwa hiyo ukimwambia mteja "umeongopa" atabisha, na atakuwa na haki ya kubisha. Mtajie lile neno alilolilisha, na lile sharti aliloliacha.

Angalieni pia kauli ya kutendwa. "Shahidi kalishwa maneno" mara nyingi ina maana kwamba kuna mtu aliyempanga cha kusema kabla hajafika mbele ya watu. Hapo maneno yametoka kinywani mwake kweli, ila si yake.

Mchangiaji wa 2

Naongeza ya jirani, kwa ufupi.

*Kutia chumvi*: jambo lipo, limekuzwa. Watu 30 wamekuwa 300.

*Chai*, *kamba*, *fiksi*: jambo lenyewe halipo, limetungwa. Ukiandika "hiyo chai" chini ya nukuu, unasema mtu huyo hakusema kabisa. Usiitumie kwa nukuu iliyotiwa chumvi, maana utakuwa umemkana hadi yule aliyesema kweli.

*Kulishwa matango pori*: hapa aliyeumia ni msikilizaji. Kulishwa maneno ni kwa msemaji, matango pori ni kwa aliyeamini.

*Kuchongea*: maneno yanaweza kuwa sahihi herufi kwa herufi. Ubaya ni sikio yalikopelekwa na nia ya kuyapeleka.

Mchangiaji wa 3 (dawati la habari)

Mkuu umefungua mada nzito. Kwenye habari, nukuu huharibika zaidi kwenye kitenzi kilichoitangulia kuliko ndani ya alama zenyewe. Chukua kauli moja, "Fedha zilichelewa kufika", uipitishe hivi:

Amesema fedha zilichelewa. Hapa hakuna upande.

Amedai fedha zilichelewa. Msomaji ameshaambiwa asiamini.

Amekiri fedha zilichelewa. Sasa ana kosa.

Amejitetea kuwa fedha zilichelewa. Kuna shitaka, hata kama hakuna aliyemshitaki.

Afunguka fedha kuchelewa. Kulikuwa na siri.

Maneno yake hayajaguswa, na bado amenukuliwa vibaya mara 4. Ndiyo maana ukisikia mtu analalamika "sikusema hivyo" na rekodi inaonyesha alisema hivyo hivyo, usimcheke. Angalia kitenzi. "Amedai" nakishauri kitumike pale tu ambapo jambo linabishaniwa kweli na upande wa pili umetajwa kwenye habari hiyo hiyo. "Amekiri" kinahitaji tuhuma iliyotangulia, vinginevyo kiondoeni. Vile vya vichwa vya habari, *amvaa*, *ang'aka*, *atoa ya moyoni*, vinaleta hasira au machozi ambayo huenda hayakuwepo ukumbini.

Mchangiaji wa 4

Dada wa dawati la habari, nakuunga mkono, na naongeza mtego wa sarufi unaokamata hata waandishi wazoefu. Mtu kaulizwa kama atagombea. Kuna majibu matatu:

"Sijasema nitagombea." Bado hajatamka lolote, mlango uko wazi.

"Sikusema nitagombea." Anakanusha kauli ya nyuma aliyobandikwa.

"Nimesema sitagombea." Ameamua.

La kwanza likiandikwa kama la tatu, mtu amefungiwa mlango ambao hakuufunga. Na kwa sikio, kwenye spika mbovu za ukumbini, *sija-* na *siku-* zinapishana kidogo sana. Kwa hiyo sehemu yoyote yenye kanusho sikiliza rekodi upya kwa kasi ya kawaida, na uanze sentensi moja nyuma. Ukianzia kwenye kitenzi chenyewe, sikio linasikia lile ambalo tayari umeliandika.

Mchangiaji wa 5 (mwalimu, Kenya)

Hamjambo nyote. Naomba tusiisahau *eti*, nasi huku husema *ati*.

Ukisema "Amesema hana pesa", umebeba ujumbe tu. Ukisema "Eti hana pesa", umebeba ujumbe na shaka yako juu yake. Neno moja linatosha kumfanya mwenye kauli aonekane mwongo. Lakini haliko hivyo kila mahali. "Eti mama, umeona funguo?" ya Watanzania ni ya kumwita mtu asikilize, haina shaka. Na hapa Nairobi "Ati?" likisimama peke yake ni "sema tena, sijasikia". Anayenakili mazungumzo asiifute *eti* ovyo, wala asiichomeke mahali ambapo msemaji hakuitia.

Jambo la pili ni usemi wa taarifa. Shuleni tunafunza kwamba *nitakuja kesho* hugeuka *angekuja siku iliyofuata*. Mazungumzoni watu hawageuzi: "Baba kasema nitakuja kesho." Nani anakuja, baba au msimulizi? Ukiandika, chagua moja. Ama weka fungua semi na funga semi na uache maneno yake kama yalivyo, ama weka *kwamba* na ugeuze nafsi: "Baba kasema kwamba atakuja." Kuchanganya hizo mbili ndiko kunakozaa ugomvi wa "wewe ndiye uliyesema utakuja".

Mchangiaji wa 6

Shikamoo mwalimu. Mimi nizungumzie klipu fupi.

Kwa Kiswahili tunapenda kutanguliza sharti: "Ikithibitika nimechukua hata shilingi 1, naachia ngazi." Anayekata video akianza sekunde 3 mbele, kinachobaki ni "naachia ngazi". Sauti ni yake, sura ni yake, midomo inaendana. Huyo hakulishwa maneno, amekatwa maneno, na rekodi haiwezi kumtetea mpaka ipatikane ndefu.

Dalili za klipu iliyokatwa kichwa: inaanza katikati ya pumzi, neno la kwanza ni kitenzi kisicho na mtangulizi, au kiitikio cha umati hakiendani na kilichosemwa. Tafuteni *-ki-*, *endapo*, *kama*, *labda* kwenye rekodi kamili, sekunde 30 kabla.

Kwenye maandishi, ukiacha maneno weka nukta tatu mahali ulipokata. Ukiongeza neno la kufafanua, liwe ndani ya mabano ya mraba. Usikate sharti hata kwa nukta tatu.

Mchangiaji wa 7

WhatsApp nayo: ujumbe wenye mishale miwili umesambazwa mara 5 au zaidi tangu kwa mwandishi wa kwanza. Nukuu ya namna hiyo msiibandike jina la mtu kabla ya kupata ilikotamkwa na lini. Picha ya Mwalimu Nyerere yenye sentensi chini haitoshi. Hata ile hotuba yake ya 1978 kuhusu vita vya Kagera, yenye *nia*, *sababu* na *uwezo*, watu huzipanga tatu hizo kila mmoja kwa mpango wake, na wengi huacha "kumpiga" iliyokuwemo. Anayetaka kuinukuu asikilize sauti yenyewe.

Na anayejitetea kwa "lisemwalo lipo" mwulizeni swali moja tu: limesemwa na nani?