Vitabu vipya vipo maktaba ila vijana wanakuja kuchaji simu, naomba ushauri

Habarini wakuu. Mimi najitolea Jumamosi kwenye kamaktaba ka mtaani kwetu huku Dar. Mwezi uliopita tumeletewa maboksi manne ya vitabu, vingi riwaya za Kiswahili, bado vinanukia wino. Tumevipanga kwa namba za Dewey (zile za kupanga vitabu kwa mada, kuanzia 000 hadi 999), sasa fasihi ni 800 kwahiyo imeangukia kona ya nyuma kabisa, nani atafika huko jamani? Vijana wakiingia mbio kwenye soketi, wale wa fomu foo wanafungua mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma basi, hawanyanyui hata macho.

Juzi nikajaribu, nikasoma kitabu kimoja kwa sauti kurasa kama tatu hivi, nikafika pale mtu anagonga mlango usiku wa manane, nikafunga. Dogo mmoja wa miaka kama 14 akanifata hadi nje, "dada, aliyegonga nani?" Nikamwambia kasome mwenyewe, akataka kuazima aende nacho home, kumbe utaratibu unataka barua ya mzazi na paspoti saizi mbili. Hajarudi mpaka leo, imeniuma kweli.

Sasa walimu na mliowahi kuendesha klabu za kusoma, tuweke daftari la kuazima kwa kuaminiana tu hata kama vingine vitapotea? Na nikianza na bao na drafti ili wazoee, si ndo nitageuza maktaba kijiwe? Bajeti hatuna kabisa, msinishauri projekta tafadhali 😅