Natafuta njia nzuri ya matembezi ya jioni, naishi Kirumba

Mgeni_Kirumba
Wakuu habari za jioni. Nina mwezi wa nne Mwanza, nimehamia kikazi kutoka Dar. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa, presha imeanza kunichungulia, daktari kanipangia nusu saa ya kutembea, siku tano kwa wiki. Nikaanza: Kirumba mpaka Pasiansi kwa lami, narudi. Wiki ya tatu nimeichukia njia yenyewe. Vumbi, honi, na kila bodaboda anapunguza mwendo: "Dada, twende?" Nikimwambia natembea tu ananitazama kama nimefiwa. Nafika nyumbani nina hasira kuliko nilivyotoka.

Naomba njia ambayo mtu unatamani kuirudia. Natoka kazini saa 11 jioni. Asubuhi imenishinda, maana huku saa 12 bado giza wakati Dar kunakuwa kumeanza kupambazuka.

Pimbi_wa_Isamilo
Karibu jiji la miamba. Lami kubwa achana nayo, ile ni ya kufika, si ya kutembea. Pandisha Isamilo. Kuna miti, nyumba za zamani, na mawe yamepandiana hadi unajiuliza nani aliyabeba. Jioni pimbi wanatoka kuota jua la mwisho. Simama kimya utawaona wamejipanga juu ya jiwe kama wazee wa baraza. Mmoja akipiga kelele, wote wanazama kwenye nyufa. Ukifika juu geuka nyuma, ziwa liko chini yako. Kurudi ni kuteremka tu.

Babu_Mkolani
Kuteremka huko ndiko kunakomaliza magoti, kijana. Nina miaka 63, najua ninachosema.

Binti yangu, mwenye presha aanzie tambarare. Panda daladala mpaka mjini, shuka, elekea kivuko cha Kamanga, lipite Jiwe la Bismarck uingie Capri Point. Magari machache, ziwa linakufuata ubavuni. Lile jiwe umeshaliona kwenye picha, ila picha haisemi ukweli wote: limetegeshwa juu ya wenzake kiasi kwamba unapunguza hatua ukilisubiri lianguke. Lina jina la Mjerumani, Mjerumani kaondoka, lenyewe lipo palepale.

Pimbi_wa_Isamilo
Shikamoo mzee. Sasa mtu alipe nauli ili akatembee?

Babu_Mkolani
Marahaba. Nauli ya kwenda. Kurudi kwa miguu mpaka pumzi ikatae. Na asiombe njia moja. Nusu saa mara tano ni dakika 150, ndizo Shirika la Afya Duniani linazosema kwa mtu mzima kwa wiki. Hakuna aliyesema zote zimalizwe barabara ileile. Hata ugali una siku unabadilishiwa mboga.

Mama_Mwaloni
Mimi nauza dagaa, kutembea kwangu ni kazini, ila nina mawili. Ukifika ufukweni usivue viatu ukachezee maji, kichocho kipo. La pili, siku usiyotaka kwenda mbali panda kidogo tu Bwiru, mahali penye watu, ukae mpaka giza liingie. Chagua siku zisizo na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa wanapumzika, lakini zikija siku za giza utaona taa zao zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Uwe na mwenzako lakini, na kurudi panda hiyo bodaboda uliyoikataa.

Mgeni_Kirumba
Naleta mrejesho, wiki mbili zimepita. Jumanne na Alhamisi Isamilo, polepole, natua nikichoka. Jumamosi Capri Point. Siku zilizobaki napita vichochoro vya mtaani, kila siku nakata kona tofauti. Nimegundua mama anauza maandazi ya moto hatua chache toka kwangu, jambo ambalo daktari hatalipenda. Babu, magoti yalilalamika kweli, sasa nateremka kwa kukata upandeupande. Taa za dagaa bado, nangoja mwezi ufe.

Bodaboda wa kona yetu hanambii tena twende. Jana kaniuliza, "Dada, leo umeona pimbi wangapi?"

Saba.