Kijana wangu wa miaka minne hataki tena kupanda feri. Nifanyeje?

BabaNahodha

Asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Naombeni ushauri, hasa wazazi wa Likoni na Mtongwe hapa Mombasa.

Mimi ni fundi wa friji. Nyumbani Likoni, kazi mjini. Jumatatu mpaka Jumamosi naondoka mtoto amelala na narudi amelala, kwa hivyo Jumapili ni yake. Tangu hajafika miaka mitatu safari yetu ni moja. Saa nne asubuhi tunashuka ferini kwa miguu, tunavuka, tunapanda kilima, tunatembea mpaka Mama Ngina. Tunanunua mihogo ya kukaanga, yake bila pilipili, ingawa ndimu huiramba mpaka macho yakajifumba yenyewe. Tunakaa chini ya mbuyu kutazama meli zikiingia Kilindini. Kabla ya adhuhuri tuko njiani kurudi. Kwenda kwa miguu ferini ni bure, basi mfukoni natoka na pesa ya mihogo na maji tu.

Na msidhani ni matembezi ya bure. Herufi kijana huyu amezijulia ferini, hajaenda shule bado. K ya Kwale, L ya Likoni, J ya Jambo, S ya Safari, zote amezisoma ubavuni mwa feri. Siku moja tulipita Moi Avenue, akazielekezea kidole Pembe za Ndovu akapiga kelele, "Baba, M!" Nilicheka peke yangu pale kando ya barabara, watu wakanitazama.

Sasa, wiki tano zilizopita tulivuka na mamangu. Mamangu kila akipanda feri husoma Fatiha kimyakimya. Kijana akamuuliza, nyanya, unamsomea nani? Akamwambia. Mnaijua habari yenyewe: Mtongwe, Aprili 29, 1994, asubuhi, watu wanaenda makazini, feri ikapinduka, wakafa zaidi ya 250. Hakuongeza chumvi wala hakumtisha. Lakini mtoto alinyamaza njia nzima, mihogo hakuigusa, na tuliporudi upande wetu, lile bati la mbele liliposhuka kwenye saruji kwa kishindo, aliniganda mguuni akalia mpaka sauti ikamkauka.

Jumapili iliyofuata nikafanya ujinga. Nilimbeba kwa nguvu nikaingia naye. Alipiga mateke na mayowe hata mama mmoja akanisogelea akaniuliza kwa upole kama huyu ni mtoto wangu kweli. Tangu siku ile, tukifika tu kwa wauza korosho anaketi chini, hainuki.

Januari anaanza chekechea mjini, karibu na kazini kwa mamake. Kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu kila siku mfuko wangu hauwezi. Nifanyeje?

MamaPacha

Pole baba. Hilo la kumbeba kwa nguvu lisirudie, hata kama umechelewa vipi.

Wangu mmoja aliogopa honi ya feri, mwenzake hakujali kabisa, na wametoka tumbo moja siku moja, kwa hivyo usijilaumu sana. Mimi nilimshusha mpaka pale juu tunapoziona feri, tukakaa tukahesabu. Tukarudi nyumbani. Mara ya pili tukafika kwenye banda la kungojea, lango likafunguliwa, watu wakapita na mikokoteni yao, sisi tumekaa. Wiki ya nne aliniuliza yeye mwenyewe mbona hatuendi.

Kingine, chagua saa. Asubuhi ya Jumatatu ni vishindo na visigino, mtoto anaona makalio ya watu tu. Nenda Jumapili saa nane mchana. Na mkiingia, muonyeshe zile jaketi za kuokolea zilipowekwa. Wangu ndilo lililomtuliza. Mpaka leo akipanda lazima azitafute kwanza kwa macho.

SimbaWaTudor

Mtoto wa kiume wa Pwani anaogopa maji? Mpeleke ufuoni Pirates umtupe penye maji ya kiuno, atazoea siku hiyo hiyo. Sisi tulifunzwa hivyo.

MamaPacha

@SimbaWaTudor mimi nilitupwa hivyo hivyo na mjomba wangu. Nina miaka 36 na sijui kuogelea.

Mzee_wa_Injini

Mwanangu BabaNahodha, mimi ni mzee, nimefanya kazi ndani ya meli, chumba cha injini, miaka 22. Sikiliza.

Mtoto huyu hana woga wa kipumbavu. Ameambiwa jambo la kweli na amelielewa sawasawa. Ukimwambia "hakuna kitu, usiogope", atajua wewe ndiye muongo, maana nyanyake hamdanganyi. Mueleze kwa nini feri ile ilipinduka. Ilipakia watu kupita kiasi. Hilo mtoto wa miaka minne yuwalielewa, sababu hata yeye ashawahi kujaza kikombe kikamwagika.

Chukua beseni la maji na kifuniko cha ndoo. Kifuniko ndicho feri. Mpe vitu vya kupakia, mwache aizamishe mwenyewe. Apange upande mmoja, aone. Kisha apange katikati, tena kidogo kidogo. Usimfanyie wewe. Akishaizamisha kwa mkono wake mara tatu nne, atajua inazama lini na haizami lini.

La pili. Muonyeshe kuwa feri ya Likoni haigeuki. Magari yaingia huku yatokea kule. Omo (mbele) ndiyo tezi (nyuma) na tezi ndiyo omo. Watoto wapenda sana kitu kisicho na nyuma.

La tatu, angalia mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji ya pale mlangoni huenda kasi na feri husukumwa ubavu, hata mtu mzima huhisi. Mvushe siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Na ikiwa kuna meli kubwa yapita, feri itangoja ipite kwanza. Mwambie mapema, asije akadhani imeharibika.

SimbaWaTudor

Mzee shikamoo. Hilo la beseni nalichukua, nina binti.

BintiWaMtongwe

Nimesoma nikaacha, nikarudi tena.

Shangazi yangu alikuwa kwenye feri ile ya 1994. Mimi nilikuwa darasa la pili. Kwetu halizungumzwi, na nikwambie ukweli, kimya kile kilinitia hofu kuliko habari yenyewe. Nilikuwa nikisikia watu wazima wakinyamaza nikiingia chumbani.

Kwa hivyo ninaloomba ni moja tu: usimkataze mamako kusoma Fatiha mbele ya mtoto, wala usimgombeze kwa kumjibu. Muulize anamsomea nani. Umesema mtoto aliuliza. Wewe je, ushawahi kuuliza?

BabaNahodha

Nawashukuru nyote. Mzee wangu, shikamoo. Nimechelewa wiki tatu kurudi na habari, mnisamehe.

Nianze na beseni. Mke wangu ni wa Voi, na hili lina maana mtaiona sasa hivi, maana mamangu tungule huiita tungule, ila mke wangu na mtoto huiita nyanya. Nilipomwambia atafute abiria, kijana alikimbilia jikoni akarudi na nyanya sita, kitunguu kimoja na gari lake la plastiki. Kitunguu ni mimi, sijui kwa nini. Nyanya moja kubwa iliyoiva akaishika akaitazama, akasema, "Huyu ni nyanya." Nikamwambia zote ni nyanya. Akasema, "La, huyu ni nyanya wangu."

Akawapanga wote upande mmoja. Kifuniko kikalala ubavu, abiria wakamwagika. Nilidhani atalia. Alitia mkono majini akaitoa ile nyanya kubwa kwanza, akaifuta kwa fulana yake, akaipuliza, akaiweka katikati ya kifuniko peke yake. Kisha akawarudisha wengine mmoja mmoja kuizunguka. Kitunguu kilibaki majini. "Baba anajua kuogelea," akasema. Sijui kuogelea, lakini sikumkatiza.

Tulicheza hivyo siku nne. Mke wangu akalalamika kuwa mchuzi unakosa nyanya kwa ajili ya usalama wa baharini.

Kuhusu mamangu. BintiWaMtongwe, swali lako lilinikaa. Nilimuuliza usiku, mtoto amelala. Anamsomea rafiki yake waliyekuwa wakishona pamoja. Siku ile mamangu mwenyewe alikuwa na homa, hakwenda kazini. Nina miaka 34, nimevuka naye mara ngapi sijui, na hilo sikuwa nalijua. Hatukuongea mengi. Aliniambia tu jina la yule rafiki, na kwamba alikuwa na mkono mwepesi wa vifungo.

Sasa feri. Jumapili ya kwanza tuliishia juu, tukahesabu. Ya pili tulifika bandani, lango likafunguliwa mara mbili, hakutaka, tukarudi kula viazi karai nyumbani. Ya tatu nilingoja mwezi nusu kama alivyosema Mzee. Tulikuwa watatu, yeye katikati. Alisimama mlangoni akamuuliza mfanyakazi mmoja wa feri, kwa sauti kubwa, kama watu wamezidi. Yule bwana hakucheka. Aligeuka akatazama watu kweli, akamwambia, "Bado, nafasi ipo." Mwenyezi Mungu amlipe.

Tukaingia. Akatafuta jaketi kwa macho, akazipata. Akamuuliza nyanyake mahali katikati ni wapi, wakaenda kusimama hapo, mimi nikaambiwa nikae pembeni na reli kwa kuwa najua kuogelea. Bati lilipolia alijiziba masikio, akafungua sikio moja. Mamangu akasoma Fatiha. Kijana akangoja amalize, akasema amina, kisha akauliza mihogo itakuwa ya shilingi ngapi.

Kurudi alilala begani, kwa hivyo safari hiyo ya pili sijui kama inahesabiwa.

Tatizo nililobaki nalo ni jingine. Jumapili iliyopita alikataa kupanda Kwale. Si woga. K ashaimaliza, anataka J. Tumeziachia feri tatu zikaenda zake tukingoja Jambo, jua la utosi, mamangu kakalia ndoo ya muuza maji. Januari, shule inaanza saa mbili kasoro.