Linafoot (shampiona ya Kongo) hapa L'shi (Lubumbashi): siku ya posho (Jumamosi), siku ya Mungu (Jumapili) ao katikati ya juma, na saa ngapi?

Kumi_na_Mbili_Kamalondo

Bandugu, kila mwaka kalendrie ikitoka tunagombana ku kona ya stadi kiisha tunanyamaza, sasa leo tuandike. Mechi ya Linafoot hapa Lubumbashi ichezwe siku gani na saa gani ili bantu baingie? Sisemi juu ya Kinshasa, kule bako na mambo yao.

Minaanza na ile mubaya kuliko yote: katikati ya juma, siku ya tatu (Jumatano) ao ya ine (Alhamisi), mechi ya kwanza saa saba ya mchana na ya pili saa tisa na nusu. Mutu wa kazi iko ku kazi, mutoto iko ku masomo, mwenye meza ku soko ya Kenya (komini ya hapa L'shi) hawezi kufunga mchana kati juu ya mupira. Sasa ataingia nani? Stadi ya Mazembe inabeba bantu 18,000 na zaidi, lakini siku ya tatu saa saba unasikia kocha anaita bachezaji kwa majina kutoka upande ingine ya kiwanja, na ile inaniuma sana juu hii ni mupira yetu.

Siku ya posho saa tisa na nusu ni muzuri kidogo. Bengi banatoka kazi saa sita, wanafunzi bako free. Shida ni Uingereza. Mechi yao ya kwanza ya posho inaanza saa nane na nusu ya huku kwetu wakati wa baridi yao, zile zingine saa kumi na moja, kijana anakaa mbele ya televizyo na kinywaji yake na hatoki tena.

Siku ya Mungu saa tisa na nusu njo minachagua. Kanisa imetoka, bantu bamekula, baba anaweza kushika mutoto mukono bakaenda pamoja. Muangalie siku zetu kubwa: sisi Mazembe, Espérance ya Tunis tulibapiga 5-0 tarehe 31 mwezi wa 10 mwaka 2010, ilikuwa siku ya Mungu. USM Alger 2-0 tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka 2015, tukabeba kombe ya tano ya Afrika, siku ya Mungu pia. Najua ile ni CAF, makombe ya Afrika, mutu angekuja hata usiku wa manane, lakini muji yote ilikuwa na nafasi ya kuja.

Usiku sitaki. Nyie munasemaje?

Jaune_na_Bleu

Yaya, mi ni sapota wa Lupopo, ekipe ingine ya hapa, lakini hapa tunakubaliana, siku ya Mungu. Sikubali saa tu. Huwezi kuweka saa moja kwa mwaka muzima hapa Katanga. Mwezi wa sita jua inaingia mbele kidogo ya saa kumi na mbili, mwezi wa kumi na mbili inafika karibu saa kumi na mbili na nusu. Ukianza saa tisa na nusu mwezi wa sita, ongeza mapumuziko, ongeza dakika za arbitri, ongeza mutu aliyeumia, mechi inaisha karibu saa kumi na moja na nusu, bantu banatoka na giza inabafatilia njiani. Wakati wa baridi tuanze saa tisa kamili. Ile nusu saa ni ndogo ku karatasi lakini ku barabara iko kubwa.

Halafu mvula. Kutoka mwezi wa 11 mpaka wa 3 hapa mvula inapendaka kuanguka alasiri, na radi yake. Kwa ile miezi mi naona saa nane na nusu, tushike mwanya mbele ya mawingu.

Kocha_wa_Batoto

Saa nane na nusu hapana mukubwa, nakuomba. Mi nafundisha batoto na najua kiwanja ya majani ya plastiki inafanya nini na jua. Inashika moto kuliko majani ya kweli, moto inapanda kupitia viatu, mutoto anakuonyesha nyayo zake zimebabuka. Na mwezi wa 9 na wa 10, mbele ya mvula kuanza, njo jua yetu kali kabisa ya mwaka na njo wakati shampiona inaanza. Ile mechi ya saa saba ya doble (mechi mbili siku moja), muangalie vizuri dakika ya 60: bachezaji banatembea, pasi zinakuwa fupi, kila mutu anatafuta mayi. Kiisha sapota anasema shampiona yetu haina kasi, haina kiwango. Kasi itoke wapi saa saba ya mchana?

Mi mwezi wa 9 na wa 10 ningeanza saa kumi kamili. Mvula ikianza, saa tisa. Baridi, saa tisa. Saa saba ifutwe, hata kama ekipe mbili zinagawana stadi moja, moja icheze posho na ingine siku ya Mungu, ile haiko ngumu.

Mama_Kalanga

Batoto yangu, hapa naona banaume tu banaongea. Mi ni mama, minauzisha kalanga, mayai na mayi ya baridi pembeni ya stadi, kwa hiyo hesabu ya bantu banaoingia mi naiona mbele ya wenye tikiti.

Munasema siku ya Mungu kanisa imetoka. Kanisa gani? Misa ya Katolika ndiyo, ile ya asubuyi inaisha mapema. Lakini kanisa za uamsho unaweza kufika saa nane bado muchungaji anahubiri, na mwanamuke akitoka pale iko na chakula ya kupika, iko na wageni, iko na nguo za masomo za kesho. Basi siku ya Mungu munaona baba na batoto banaume. Mama na batoto wasichana banabaki nyumbani. Siku ya posho ni tofauti, mwanamuke anaenda soko asubuyi, mchana anapumua. Mi naona banawake bengi ku stadi siku ya posho kuliko siku ya Mungu, na mwanamuke akija anakuja na batoto wote na kila mutoto anataka kitu ya kula. Mufikirie na ile.

Na mechi ya siku ya tatu hata siendi tena, mayi inarudi nyumbani na baridi yake.

Mwana_Unilu

Mama Kalanga amesema kitu ya maana sana, na mi natia uzito upande wake, nachagua posho. Hii woga ya Uingereza tuiangalie vizuri. Bale Baingereza benyewe banalinda stadi zao: kwao siku ya posho kutoka saa tisa kasoro robo mpaka saa kumi na moja na robo hairuhusiwi kuonyesha mechi moja kwa moja ku televizyo ya inchi yao, na ile sheria iko tangu miaka ya 1960, juu baliogopa sapota wa ekipe ndogo atabaki nyumbani kuangalia ekipe kubwa. Yaani hata wenye pesa yote ile banajua televizyo inaweza kumaliza tribini. Sisi hatuwezi kukataza mutu kuangalia Arsenal, lakini tunaweza kushika saa yetu bila kuibadilisha kila juma, ili mutu ajue bila kuuliza: posho, saa tisa na nusu, mupira. Shida yetu kubwa minaona si siku, ni kwamba siku haijulikani mapema, leo tunaambiwa siku ya Mungu, kesho imesogea siku ya kwanza.

Na tangazo iandike saa ya nani! Wakiandika 15:30 bila kusema, mutu wa hapa hajui kama ni ya Kinshasa ao yetu, na ya Kinshasa ni saa kumi na nusu huku.

Likasi_Panda

Mi natoka Likasi, kilomita 120 hivi mpaka L'shi, na tuko bengi tunaokuja mechi kubwa. Kwetu posho ni bora, juu tukichelewa kurudi siku inayofuata si ya kazi. Siku ya Mungu unarudi saa nne ya usiku na saa kumi na moja ya asubuyi unaamuka kwenda kazi. Na ile habari ya usiku kama Tanzania, pale Simba na Yanga banachezaka usiku na bantu banajaa, mi naipenda kuiangalia, lakini barabara yetu usiku na makamyo ya migodi sitaki kuijaribu na batoto mu gari. Hata wa hapa muji, mechi ikiisha saa tatu ya usiku mutu wa Ruashi anarudi na nini? Pikipiki itapandisha bei mara mbili. Na kuran (umeme) ikikatika katikati ya mechi?

Kumi_na_Mbili_Kamalondo

Sikilizeni, nimesoma yote. Posho mumeitetea vizuri, hasa Mama. Basi minapendekeza hivi: posho ikuwe siku ya kawaida, siku ya Mungu ibaki kwa ekipe ya pili inayogawana stadi. Kwa saa nafata Kocha.

Bado kuko ekipe zinazocheza CAF. Mazembe ikiwa na mechi ya Afrika mwisho wa juma, ile ya shampiona inasukumwa katikati, hakuna njia ingine, bachezaji banahitaji siku za kupumuzika na kwenda Kinshasa ni ndege. Kwa zile tu nakubali siku ya tatu, lakini saa kumi, hapana saa saba, na batoto ya masomo bapewe bei ya chini.

Na giza si mambo ya starehe tu. Mwezi wa 5 mwaka 2014, ekipe ya AS Vita Club na Mazembe ku stadi Tata Raphaël kule Kinshasa, fujo ilianza mwishoni mwa mechi, gesi ya machozi, bantu bakakanyagana ku milango, 15 bakakufa. Na ile ilikuwa mechi ya alasiri, usiku ingekuwa mubaya zaidi. Kwa hiyo mechi yenye moto mi nataka iishe na jua bado juu, ili mutu aone mahali anaweka muguu.

Jaune_na_Bleu

Basi derby muitoe mu hii hesabu yote. Lupopo na Mazembe iwe posho, saa nane na nusu hata kama jua ni kali, milango ifunguliwe saa nne, Kocha atanisamehe. Bachezaji bapewe mapumuziko ya kunywa mayi kila kipindi. Siku ya derby banaweza kuvumilia, na saa kumi na moja kila mutu amefika kwao, wa bleu na wa nyeusi.

Kocha_wa_Batoto

Derby nakubali, ila mwezi wa 10 hapana. Muiweke mwezi wa 2 ao wa 5.