Pwani ya Kochi na baiskeli peke yangu, usiku hema nasimamisha wapi?

Pedali_Taratibu:
Wakuu habari zenu. Niko Osaka, Japan, kimasomo, mwezi wa kumi nna likizo ya siku 11 nimeamua nitoke na baiskeli peke yangu. Navuka na feri Wakayama mpaka Tokushima kwenye kisiwa cha Shikoku, nashika barabara ya 55 kwenda Muroto, napita Kochi mjini halafu 56 na mwishoni 321 mpaka rasi ya Ashizuri, kama kilomita 350 hivi kwa hesabu yangu. Baiskeli ni ya chuma ya kawaida, gia zipo za kutosha, keria ya nyuma na mabegi mawili, hema la mtu mmoja. Miguu hainipi wasiwasi, usiku ndo unanisumbua. Kwenye ramani naona fukwe kibao na zile michi no eki, vile vituo vya barabarani ambavyo vyoo vyake haviwi na kufuli usiku kucha, lakini mmoja anasema lala popote mwingine anasema utaondolewa saa nne usiku. Sitaki kuwakera wanakijiji na sitaki kulala jicho moja wazi. Aliyepita kule anieleze, unalala wapi hasa?

Njia_ya_55:
Mkuu njia uliyochagua ni nzuri sana na mwelekeo ndo huohuo, kwa vile Japan gari zinapita kushoto basi ukienda hivyo bahari inakuwa upande wako karibu njia nzima, ukisimama kupiga picha huvuki barabara.

Michi no eki zilianza rasmi 1993 kwa ajili ya madereva kupumzika, hazikujengwa kwa ajili ya hema. Utawakuta watu wamelala kwenye gari zao, hilo wengi wanalifumbia macho, ila hema ni kitu kingine na sehemu nyingi wameandika wazi kwamba hairuhusiwi. Mimi jioni moja niliingia kwenye kimoja kabla hawajafunga duka, nikanunua machungwa, nikamuuliza mama wa kaunta kama kuna sehemu naweza kulala bila kumsumbua mtu. Pale alisema hapana, lakini akapiga simu, dakika kumi akaja mzee na kigari kidogo cha mizigo akanipeleka kwenye uwanja wa shule iliyofungwa, bomba la maji lipo, choo kipo, na uko juu kidogo ya kijiji. Ningejificha ufukweni nisingepata hata robo ya hiyo heshima. Kwahiyo uliza, tena uliza mapema kabla giza halijaingia, mtu akikuona saa kumi jioni na baiskeli anakuona msafiri, akikuona saa tatu usiku na tochi anaogopa.

Sasa hilo neno la "juu kidogo" ndo nataka ulishike kuliko yote. Mchanga unavutia, tambarare, upepo mzuri, lakini ile pwani inatazama ufa wa Nankai chini ya bahari. Tetemeko la 21 Desemba 1946 lilipiga alfajiri watu wakiwa wamelala, na tsunami ikafuata. Mji wa Kuroshio ambao utaupita kwenye 56 ulitajiwa mwaka 2012 makadirio ya tsunami ya mpaka mita 34, kwa hali mbaya kabisa. Barabarani utaona vibao vinavyoonyesha eneo linalokadiriwa kufikiwa na maji linaanzia wapi na linaishia wapi, na vingine vinataja mita juu ya bahari, mimi nilikuwa nachagua pa kulala kwa kufuata vibao hivyo. Ukilazimika kulala chini, basi kabla hujawasha jiko tembea kwa miguu kutoka hemani mpaka kwenye mnara wa kukimbilia au ngazi za kilimani, hesabu dakika, angalia wapi pana mtaro. Na ardhi ikitikisika kwa muda mrefu usingoje king'ora, acha baiskeli na kila kitu, panda.

BintiMwendo:
Nakubaliana na mkuu hapo juu. Niongeze kwamba mimi nilikwenda peke yangu na ni mwanamke, Novemba, na sikusumbuliwa na mtu hata siku moja. Kikubwa ni kwamba hiyo ni njia ya mahujaji wa mahekalu 88 ya Shikoku, watu wa huko wamezoea kuona mtu mmoja anapita na mzigo wake. Kati ya hekalu la 37 na la 38 pale Ashizuri ni zaidi ya kilomita 80, ndo pengo refu kuliko yote, na hapo ndipo bibi mmoja alinisimamisha akanipa viazi vitamu vya moto na chai. Wanaita osettai, zawadi kwa mpita njia. Usikatae, pokea kwa mikono miwili.

Kulala nilichanganya, siku mbili hema kwenye kambi rasmi (ufukwe wa Irino una msitu wa misonobari na kambi ipo, piga simu kwanza), siku moja gesti, hema tena. Kochi inapata mvua zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka kwahiyo usiku wa mvua kubwa lipa chumba, ukaushe nguo kwenye mashine za sarafu. Oktoba vimbunga bado vinakuja, kikitajwa acha kabisa kulala pwani.

Mengine mawili matatu. Saa kumi na moja jioni spika za kijiji zinapiga muziki, usishtuke, ndo njia yao ya kuhakikisha spika za dharura zinafanya kazi, mimi ilikuwa saa yangu ya kutafuta pa kulala. Mwewe wa pale wanashuka kimya kutoka nyuma wanachukua mkate mkononi, kula umeegemea ukuta. Na ukifika mdomo wa ghuba ya Urado kuna feri ndogo ya mkoa ya bure, baiskeli inapanda, inakuepusha na lile daraja refu la juu ambalo upepo wake unatisha.

Fundi_Spoki:
Mahandaki, hakuna aliyeyataja. Barabara ya 56 ina mengi na ya zamani ni membamba, lori likiingia nyuma yako sauti inajaa kichwani. Taa ya nyuma mbili, iwake hata mchana, na kama kuna njia ya pembeni iliyoinuliwa shuka sukuma. Kile kipito cha mlimani cha Nanako kinapanda karibu mita 290, siyo mbaya ila ukianza kushuka breki ziwe na raba mpya. Tyubu mbili za akiba, maana maduka ya baiskeli ni machache ukishatoka mjini. Gesi beba jiko la makopo marefu yale ya jikoni, yapo kila mahali. Kurudi na treni baiskeli lazima ifunguliwe na iingie yote ndani ya mfuko, hakuna kinachochungulia. Simu ifunge kwenye usukani usiishike, tangu Novemba 2024 adhabu imekazwa.

Pedali_Taratibu:
Asanteni sana wakuu. Nimekaa na ramani jana usiku nimefuta alama zote za ufukweni nilizokuwa nimeweka, nimebakiza Irino na nyingine mbili zilizo kwenye mwinuko. Nimeomba kusogeza likizo mpaka wiki ya kwanza ya Novemba, wamekubali. BintiMwendo, Novemba jua linazama saa ngapi kule?

BintiMwendo:
Saa kumi na moja na kidogo, karibu sawa na ule muziki wa spika. Kwahiyo saa tisa uwe ushaanza kuuliza.