Mrejesho: Machine Gun ya Brötzmann, sasa naielewa

Wakuu, niliwauliza mtu anaisikilizaje Machine Gun ya mpiga saksafoni Peter Brötzmann, ile albamu ya jazi huru (jazi ya kubuni papo hapo, isiyofungwa na wimbo uliopangwa) iliyorekodiwa Bremen, Ujerumani, Mei 1968, maana nilikuwa nikiambulia fujo na kichwa kuuma. Asanteni sana.

Kilichonisaidia ni ushauri wa kuacha kutafuta wimbo na kumfuata mpigaji mmoja tu. Wapo wanane: saksafoni tatu, besi mbili, piano na wapiga dramu wawili. Niliwafuata wa dramu, Han Bennink na Sven-Åke Johansson. Sisi wa Mtwara tumekua na sindimba, sikio linajua ngoma zinazojibizana, na humo ndani zinajibizana kwelikweli! Mmoja anasukuma, mwenzake anakatiza. Baada ya hapo hata saksafoni zikaacha kuniumiza. Ule mfyatuko wa mwanzo wanaupiga kwa pamoja, yaani wamepatana, na kuelekea mwisho wa kipande cha kwanza wanaingia kwenye mdundo wa kuchezeka kabisa. Nilisimama.

Jambo jingine: msitumie spika ya simu, besi zote zinapotea. Hedifoni za kawaida zinatosha.

Hapa nyumbani Shangani hawaitaki bado, na siwalazimishi. Ni muziki mkali kweli. Ndugu uliyenitajia Spiritual Unity, albamu ya mpiga saksafoni Albert Ayler iliyorekodiwa 1964, nimeshaipata. Wako watatu tu, naanza na besi.