Mzee wangu anataka bunduki ya kwanza, nguruwe wanammaliza shamba. Achukue ipi?

Mtoto wa Nachingwea
Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 61 yuko Nachingwea, ana mahindi, mihogo na korosho kidogo. Toka mwaka juzi nguruwe pori hawamwachii kitu, juzi nimeenda nimekuta mistari sita ya mihogo imefukuliwa yote, mizizi imetafunwa nusu nusu imeachwa juani, mzee kakaa chini ya mkorosho hasemi neno. Iliniuma sana. Sasa anataka bunduki na hajawahi kumiliki hata siku moja. Mimi nawaza raifo maana inapiga mbali, jirani yake anamwambia achonge gobole kwa fundi ni bei ndogo. Na je nikiombea kwa jina langu afu akae nayo yeye huko, mimi nipo Mtwara mjini, inakubalika?

Kitako cha Mpingo
Pole sana mkuu, mpe pole na mzee. Gobole la fundi msiliguse kabisa. Baba yangu mdogo lilimpasukia mkononi, mtutu ulikuwa bomba tu la maji, vidole viwili vilienda palepale na mpaka leo jembe analishika kwa shida. Na likikamatwa ni kesi, halina leseni.
Raifo nayo kwa shamba la kijijini hapana, risasi yake inaenda zaidi ya kilometa na nyuma ya mihogo kuna njia ya watoto wa shule. Mzee achukue shotigani kaliba 12, kwa nguruwe unatumia risasi za SG, zile zenye gololi chache kubwa ndani, kazi yake ni mita 30 hivi, hata hivyo gololi zake zinaruka mbali kuliko hapo kwa hiyo lazima aone kilichopo nyuma ya mnyama kabla hajafyatua, usiku tochi ni lazima.
Halafu watu wengi wananunua bila kumpima mwenyewe. Mwambie akunje mkono, kitako cha bunduki kiegemee upande wa ndani wa kiwiko, kidole kifike triga vizuri. Kikiwa kirefu kitamkwama kwenye koti na bega litaumia. Na asidanganyike na ile nyepesi, bunduki nyepesi ndo inarudisha teke zaidi, mzee wa 61 atafyatua mara mbili afu ataiogopa. Mtutu mmoja wa kukunja unamtosha kuanzia, ukiukunja unaona kabisa kama kuna risasi ndani au hakuna.

Dada wa Masasi
Mdogo wangu hilo la jina lako liache. Leseni ni ya mtu mwenyewe, ukiomba wewe akae nayo mzee mtaingia matatani wote wawili. Sheria ya silaha ya 2015 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25, hapo mzee hana shida, aombe mwenyewe. Aanzie kwa mtendaji wa kijiji, maombi yanapita kamati za ulinzi na usalama ndo yafike polisi, na lazima awe na cheti kwamba amefundishwa kuitumia. Asilipie bunduki kabla ya kibali hata muuzaji akimwambia itaisha.
Kingine, nguruwe pori ni mnyama wa serikali. Kabla hajampiga hata mmoja apite kwa afisa wanyamapori wa wilaya aelezwe utaratibu, na hata akimpiga akiwa ndani ya shamba atoe taarifa haraka, nyama asiibebe nyumbani maana hiyo ni nyara ya serikali. Na wakija tembo asithubutu, apige simu tu, shotigani kwa tembo ni kujitafutia kifo.

Mtoto wa Nachingwea
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempigia mzee sasa hivi, raifo nimeifuta na jina atatumia lake, Jumatatu anaenda kwa mtendaji. Ila pale nyumbani kuna wajukuu watano na nyumba ina mlango mmoja wa mbao, mama ameuliza hiyo bunduki italala wapi.

Kitako cha Mpingo
Mama ameuliza la maana. Mchomeeni kabati la chuma mlifunge kwa bolti ukutani chumbani kwa mzee, bunduki ikae humo bila risasi. Risasi ziwe kwenye sanduku lingine lenye kufuli lake, funguo asiziache kwenye msumari, avae kiunoni. Hiyo hela ya kabati muitenge sasa hivi kabla hamjaanza kuchangia bunduki yenyewe.